Njia ya Panya Haina Kipimajoto

Mimi nilivuka mpaka wa Malaba mwezi wa Januari 2008 na hakuna mtu aliyenipima joto. Nilikuwa na shuka moja, ndoo ya plastiki, na dada yangu mdogo aliyekuwa anakohoa moshi wa nyumba zilizochomwa kwetu. Siku zile Wakenya tulikuwa wengi barabarani, tukikimbia machafuko ya baada ya uchaguzi. Uganda walitupokea, wakatupeleka Mulanda, hapo wilaya ya Tororo, na baadaye tukaletwa hapa Kiryandongo, ambapo wengine wetu tupo mpaka leo. Pale Mulanda nilikuta nesi mmoja ameketi chini ya turubai. Hakuanza na kitambulisho. Aliuliza, "Nani anaumwa hapa?" Dada akanyoosha mkono.

Naomba mshike hilo swali, maana maneno yangu yote leo yanatoka hapo. Nasema hivi: mipaka yetu imeacha kuuliza nani anaumwa, siku hizi inauliza nani ni wa nani. Na ugonjwa unalipenda sana hilo swali la pili. Sisi tukikaa kubishana juu ya karatasi, wenyewe unaendelea na safari.

Kwa wale ambao hamjafika kule, wacha niwaonyeshe. Busia ni mji mmoja uliokatwa vipande viwili, kipande cha Kenya na kipande cha Uganda. Mama analala Uganda, anauza nyanya Kenya. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili, na kwenye matanga hakuna anayeuliza nani ana kipande na nani ana ndagamuntu. Hata hili neno boda boda tunaloita pikipiki za Bweyale lilizaliwa mpakani kule, enzi za vijana wa baiskeli waliokuwa wanavusha abiria kutoka kituo kimoja mpaka kingine wakiita "boda, boda!" Februari 2018 marais wawili walikuja kufungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambacho kazi za nchi zote mbili zinamalizwa ndani ya jengo moja. Ni jengo zuri, sikatai. Lakini ukitoka hapo ukatembea kidogo tu unakuta vichochoro, mashamba ya mahindi, na mto ambao kiangazi unamfika mtu magotini. Hizo ndizo njia za panya. Kila mtoto anazijua. Askari naye anazijua, tena na bei yake anaijua.

Sasa turudi 2020.

Machi mwaka ule korona ilipoingia, Uganda ilifunga mipaka kwa watu ikaacha malori yapite, kwa sababu bila malori hakuna mafuta, hakuna sabuni, hakuna hata hiyo dawa. Hapo palikuwa na akili. Madereva wakaanza kupimwa, na hapo pia palikuwa na akili, kwa sababu kweli walipatikana wenye virusi. Ubaya ulikuja na namna ya kuwapima. Sampuli zinachukuliwa, majibu yanakaa siku kadhaa, na dereva anangoja barabarani. Foleni ya Malaba ikarudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Shemeji yangu alikuwa kwenye foleni hiyo na lori la saruji. Alilala chini ya trela siku sita. Choo kilikuwa kichaka. Maji ya kunawa yalikuwa yale ya kununua kwa jerikeni. Madereva walikuwa wanakula sufuria moja, wanavuta sigara moja, wanachaji simu kwa waya mmoja. Watu mia kadhaa wamefungiwa pamoja ili wasiambukizane! Kama kulikuwa na dereva aliyefika Malaba mzima, sijui alitoka pale vipi.

Kisha likaja lile la hesabu. Mwezi Mei 2020 serikali ya Uganda iliamua kwamba madereva wa kigeni waliopatikana na virusi waondolewe kwenye hesabu ya taifa, warudishwe kwao. Kwa siku moja namba ya wagonjwa ikashuka. Hakuna aliyepona siku hiyo. Hakuna aliyepewa dawa. Ilifanya kazi kalamu tu. Na wala msidhani Uganda ilikuwa peke yake. Tanzania iliacha kabisa kutangaza namba zake kuanzia mwisho wa Aprili, ikabaki kwenye 509. Kenya nayo katikati ya Mei ikafunga mpaka wake na Tanzania na Somalia, isipokuwa mizigo. Kila nchi ilikuwa inafagia uchafu kwa jirani, na jirani anaurudisha usiku.

Mimi nauliza: yule dereva aliyefutwa kwenye daftari, je, mapafu yake yalifutwa? Yule mama aliyempikia chapati pale Malaba, naye alitolewa kwenye hesabu? Huyo mama namjua. Ni dada yangu, yule yule wa Mulanda.

Dada alirudi Kenya 2009, akafungua kibanda cha chai Malaba, akaolewa na Mteso ambaye kwao ni ng'ambo ya mto, upande wa Tororo. Februari 2020 alikutwa na kifua kikuu, akaanzishwa dawa upande wa Kenya. Dozi ni miezi sita, miwili ya kwanza unameza dawa nne kwa pamoja, na mtu hatakiwi kuruka hata siku moja. Katikati ya Machi mama mkwe akafariki. Dada akavuka kwenda kuzika, na vidonge vya siku chache kwenye mfuko wa nailoni. Akiwa huko kwenye matanga, mpaka ukafungwa.

Vidonge vikaisha. Akaenda kwenye kituo cha afya cha karibu, ambacho sitakitaja jina, kwa sababu naamini vingi vingefanya vilevile. Akaambiwa, "Wewe si mgonjwa wetu. Leta barua ya uhamisho." Barua iko ng'ambo. Na dawa, ndugu zangu, ni zilezile! Upande huu ni bure, upande ule ni bure, na zimo kabatini nyuma ya mgongo wa yule aliyekuwa anamwambia alete barua. Angevuka kwa mto usiku, vijana wapo, wanabeba watu mgongoni kwa malipo. Lakini alisikia kwamba wanaokamatwa wakivuka wanawekwa karantini siku kumi na nne, na alikuwa na mtoto wa miaka minne. Akakaa. Wiki tatu bila dawa, analala chumba kimoja na mtoto, anakohoa.

Ndipo akanipigia mimi.

Hapa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema kwenye mkutano wowote wa bloku. Dada aliniuliza, "Kaka, nikipata njia, nije kwako Kiryandongo? Huko kuna mashirika." Nami nikamjibu, "Usije kwanza." Niliogopa majirani. Nilijua mtu mwenye kikohozi akishuka kwa mlango wangu wakati ule, saa hiyo hiyo simu itapigwa, na sisi wote nyumbani tutaitwa watu wa korona. Tena ilikuwa ndiyo Aprili ile posho ilipokatwa asilimia 30, na mdomo mmoja zaidi ni mdomo. Nilimtoa dada yangu kwenye hesabu ya nyumba yangu kama vile serikali ilivyowatoa wale madereva. Sikuhitaji hata kalamu.

Kwa hiyo mtu asiniambie ninawasema wakubwa peke yao. Ninasema ugonjwa tulio nao wote, na mimi nimo.

Kilichomwokoa dada ni kitu kidogo. Nesi mmoja wa kituo kingine, mama mtu mzima, alimwuliza alianzia dawa wapi, akatafuta namba ya mtu wa kliniki ile ya Kenya, akapiga simu kwa salio lake mwenyewe. Wakazungumza Kiswahili, dakika kama tano. Yule wa Kenya akapiga picha kadi ya dada, akaituma kwa WhatsApp. Jioni ile ile dada alimeza dawa. Mtoto akapimwa, naye akaanzishwa dawa zake. Serikali mbili zilishindwa, na muhuri na jengo la vioo vikashindwa. Manesi wawili wakaweza.

Sasa mtasema, huyu anatuletea hadithi ya dada yake na anataka iwe ya dunia. Sawa, twendeni duniani. Mwaka 2019 watu milioni 7.1 waligunduliwa na kifua kikuu na kuandikishwa. Mwaka 2020 wakawa milioni 5.8. TB haikupungua, maana vifo vyake viliongezeka mwaka huohuo. Walipungua watu waliofika hospitali. Wengine walifungiwa, wengine waliogopa, wengine waliambiwa walete barua. Hao milioni moja na zaidi waliokosekana ndio dada zetu, wamekaa chumba kimoja na mtoto.

Na tabia hii si ya maskini peke yao. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliona kirusi cha aina mpya, kile kilichoitwa Omicron, wakatangaza mara moja kama Kanuni za Kimataifa za Afya zinavyotaka. Malipo yao yalikuwa nini? Ndani ya siku moja mbili Uingereza, Ulaya na Marekani zikawafungia ndege. Aliyepiga yowe la moto ndiye aliyefungiwa mlango. Kesho nani atapiga yowe?

Ndugu zetu Wakongo hapa wanaijua hadithi ya mpox kuliko mimi. Mtu wa kwanza kuthibitishwa kuwa na ugonjwa ule alipatikana kwao, 1970. Ulipoingia Ulaya na Marekani 2022, chanjo zikapatikana huko mwaka huohuo. Kongo shehena ya kwanza ilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza dharura Agosti ile. Na mgonjwa wa kwanza wa Kenya alionekana wapi? Mpakani, Taita Taveta, mwisho wa Julai 2024, mtu aliyekuwa anatoka Uganda kwenda Rwanda akipitia Kenya. Miaka hamsini na minne tuliambiwa ni ugonjwa wa msituni, kumbe unajua barabara zetu zote.

Hata mbu anatucheka. Tororo ni mahali ambapo watafiti waliwahi kuhesabu kwamba mtu mmoja anaumwa na mbu mwenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Kuanzia Desemba 2014 nyumba zikaanza kupulizwa dawa kwa fedha za wafadhili, na malaria ikashuka kwelikweli, kina mama wa kule watakuambia. Lakini wilaya jirani ya Busia haikupulizwa. Mbu wa Busia hajui mstari wa wilaya, na mstari wa Kenya hata hajawahi kuusikia. Mwaka 2020 aina ya dawa ikabadilishwa Tororo, na malaria ikapanda tena. Kisha Januari 2025 fedha za misaada za Marekani zikasimamishwa, na kila mtu aliyekuwa anategemea mlango mmoja akabaki amesimama nje, kama sisi tulivyobaki na kadi za posho mkononi. Mimi si mtaalamu wa mbu. Ninachosema ni kwamba ukikinga nyumba hii ukaacha ile kwa sababu ya mstari kwenye ramani, umemwekea mbu kitanda.

Nawasikia wanaonipinga, na wana hoja. Wanasema, "Kwa hiyo tuache mipaka wazi? Ebola ikija je?" Hapana. Sijasema mtu asipimwe. Anayetoka kwenye Ebola apimwe, tena vizuri. Lakini hebu tuitazame hiyo Ebola yenyewe. Juni 2019 familia moja ilitoka Kongo baada ya kumzika babu yao. Wengine wakazuiliwa upande wa Kongo wakiwa na dalili, baadhi yao wakaponyoka wakaingia Uganda, Kasese, kwa njia ya panya. Kwa nini njia ya panya? Kwa sababu binadamu mwenye mtoto anayekufa anaenda anakotarajia msaada, na kizuizi anakizunguka. Kipimajoto cha mpakani hakikuwaona. Waliopatikana na Ebola katika familia ile, watoto wawili na bibi yao, wote walifariki. Lakini Ebola haikumshika mtu mwingine yeyote Uganda kutoka kwao. Ilizuiwa na nini? Wakubwa wa Kongo waliwaarifu wenzao wa Uganda. Wahudumu wa afya karibu 4,700 wa Uganda walikuwa wamechanjwa mapema, kabla mgonjwa hajafika. Na familia ilipofika hospitali, ilipokelewa. Simu, maandalizi, na mlango uliofunguka. Ni yaleyale ya nesi wa dada yangu, ila kwa ukubwa wa nchi.

Kwa hiyo nasema na nyinyi wa mashirika, ambao najua mnausoma mtolea huu kwa sababu huwa mnatuomba nakala. Mnatuletea mabango ya kunawa mikono wakati bomba lina foleni ya majerikeni tangu alfajiri. Mnatuandikia "jamii ihamasishwe." Jamii imehamasika, wandugu, jamii inangoja maji. Mkienda kule mpakani msikutane na wakuu wa vituo tu. Kaeni na vijana wanaovusha watu mtoni, na kina mama wa mahindi, na wale wa boda. Wao ndio wanajua nani amevuka jana akiwa na homa. Hawatawaambia kama mnakuja na askari. Watawaambia kama wakishamtaja mgonjwa, mgonjwa anapata dawa badala ya pingu.

Na ninayotaka si mambo makubwa. Mtu aliye kwenye dawa za TB au za ukimwi apewe kadi inayotambulika Malaba zote mbili na Busia zote mbili, na apewe dozi yake kwanza, barua itafuatwa na wanaolipwa mshahara kufuata barua. Anayesubiri majibu apewe choo, maji na mahali pa kulala, maana mtu anayelala chini ya lori hayuko kwenye karantini. Mgonjwa ahesabiwe pale alipougua, awe Mkenya, Mganda, Mkongo au sisi tusio na kwetu. Wahudumu wa pande mbili wapewe simu na salio, wajuane kwa majina, wasingoje mkutano wa hotelini mara moja kwa mwaka. Zile Kanuni za Kimataifa za Afya za 2005 zinadai msafiri atendewe kwa heshima ya utu wake. Nchi zetu zilizikubali. Hatuombi zawadi.

Nanyi wenzangu wa hapa kambini, tusijifiche nyuma ya serikali. Mtu akikohoa kwenye foleni ya posho tunasogea, halafu tunanong'ona, halafu tunampa jina. Siku inayofuata anakohoa ndani, mlango umefungwa, na watoto wetu wanaingia humo kucheza na watoto wake. Tukimwona anayekohoa, tumpeleke kwa VHT wetu, twende naye kwa miguu yetu, tumsubiri nje mpaka atoke. Hilo haliwezi kukatwa na mfadhili yeyote.

Dada alimaliza dawa. Ilibidi aanze dozi upya kwa sababu ya zile wiki tatu, lakini alimaliza, na amepona. Amerudi kwenye kibanda chake Malaba. Mwaka jana alikuja kunitembelea hapa kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Alikuja na mtoto, sasa ni kijana mrefu, na kilo mbili za sukari. Ndani ya mkoba wake bado anatembea na kadi mbili za dawa, ya Kenya na ya Uganda, amezifunga pamoja kwenye mfuko uleule wa nailoni. Nikamwuliza kwa nini bado anazibeba na yeye ni mzima.

Akasema, "Siku nikiugua tena, sijui nitakuwa upande gani."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha kwa ile "usije kwanza," akacheka, akasema nimtafutie kiti. Nesi wa Mulanda alituuliza nani anaumwa, na sisi wawili tulikuwa hatuna karatasi hata moja. Dada anangoja mpaka ambao utamwuliza hivyo tena. Mimi naanzia na mlango wangu.